Kabla hujampeleka mtoto kwenye kishule

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na ule mfululizo wa hifadhidata, kisha nikatoweka kama mtu mwenye deni la duka. Mfululizo utarudi. Leo nina jambo jingine ambalo limenikaa rohoni kwa mwezi mzima, na ingawa linahusu shule, kompyuta imo ndani yake, na mimi pia nimo.

Dada yangu mkubwa alinipigia simu Jumapili moja jioni. Ana mtoto wa kiume wa miaka tisa, yuko gredi ya tatu katika shule ya umma hapa viungani mwa Nairobi, darasa la watoto sitini na wawili. Mwalimu wao si mbaya. Ni mmoja tu. Muhula wa pili ulipokuwa ukiisha dada aligundua kwamba mtoto hajui kugawanya kabisa, na kwamba alikuwa amejifunza kunakili kwa jirani kwa ustadi hivi kwamba hakuna aliyemshuku. Sasa rafiki yake wa kanisani alikuwa amemwambia kuhusu mahali pengine: nyumba ya kupanga ndani ya mtaa, watoto kumi na wanne, kila mmoja na kompyuta kibao yake, hakuna kengele, hakuna kiboko, kila mtoto anakwenda kwa mwendo wake.

“Wewe ni mtu wa kompyuta,” akaniambia. “Nenda uniangalilie kama hiyo kitu inafanya kazi.”

Jina ambalo Wamarekani wameipa shule ya aina hii, ukilileta kwa Kiswahili, linatoka kama jina la dawa ya minyoo. Kwa hivyo mimi nitasema kishule. Sikusudii dharau. Ki- hapa ni ya udogo tu, kama kijiji.

Na jambo lenyewe si geni, msidanganywe na tovuti zenye picha nzuri. Nenda Lamu au Mji wa Kale pale Mombasa utazame chuo cha Kurani: mwalimu mmoja, mkeka mmoja, watoto wa kila umri. Huyu bado yuko kwenye herufi, yule anakaribia kuhitimu, na hakuna anayesukumwa mbele kwa sababu mwaka umeisha. Unasonga ukiwa umeshika ulichopewa. Huo mfumo wa “mwendo wake” ambao leo unauziwa kwa bei ni wa zamani kuliko umeme. Hata wazazi kujianzishia shule si jipya. Katika miaka ya 1930 Wakikuyu walijenga shule zao za kujitegemea baada ya kuvutana na wamishonari, wakafungua chuo cha walimu Githunguri mwaka 1939, na serikali ya kikoloni ikazifunga baada ya kutangaza hali ya hatari mwaka 1952.

Wimbi hili la sasa, kwa macho yangu, lilizaliwa na korona. Shule zilifungwa Machi 2020. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba, wengine wote wakangoja hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo majirani watano au sita waliungana wakamlipa mwalimu mmoja awafunze watoto sebuleni, na mara nyingi alikuwa mwalimu wa shule ya kibinafsi ambaye mshahara wake ulikuwa umekatika. Janga lilipoisha, baadhi ya vikundi hivyo havikuvunjika. Vilikodi nyumba na kuweka bango.

Marekani wao wamefika mbali zaidi. Prenda, kampuni ya vishule, ilianza Arizona mwaka 2018 na watoto saba nyumbani kwa mwanzilishi wake. Tangu 2022 jimbo hilo linampa mzazi yeyote pesa za umma alipie elimu ya mtoto nje ya shule za serikali. Nataja hili kwa sababu mzazi wa Kenya anasoma habari hizo kwenye simu akadhani mambo ni yale yale. Si yale yale. Hapa ukimtoa mtoto shule ya umma, mgao wa serikali haukufuati. Unalipa kila senti mwenyewe, na pia unatoka nje ya mfumo ambao, tupende tusipende, ndio unaotoa nambari na vyeti. Nitarudi hapo.

Basi Jumatano moja nikaomba ruhusa kazini, nikaenda.

Nilipokelewa na mwenye shule, mama wa makamo ambaye nitamwita Mwalimu tu. Alikuwa amefundisha shule ya kibinafsi kwa miaka mingi hadi ikafungwa mwaka wa korona. Ana msaidizi mmoja, msichana aliyemaliza kidato cha nne. Sebule imetolewa makochi na kuwekwa meza za chini. Nilikuwa nimejiandaa kudharau, nawaambia ukweli, na kwa saa nzima ya kwanza sikupata cha kudharau. Mwalimu alikuwa na kasha la vifuniko vya soda. Msichana mmoja mdogo alikuwa anagawanya 35 kwa 5, akapata 8. Mwalimu hakumwambia amekosa. Alimwambia, “Nipangie.” Mtoto akapanga vifuniko katika mafungu matano, akaona mwenyewe vinaisha kabla, akacheka, akafuta. Ilichukua kama dakika mbili. Katika darasa la mpwa wangu dakika mbili kwa kila mtoto ni zaidi ya saa mbili. Hesabu ni hiyo tu, na ndiyo sababu wazazi wanatafuta mahali kama hapa. Mtu asiwaite wenye maringo.

Saa nne vikatolewa vibao.

Nilijiketisha nyuma ya kijana mmoja wa miaka kama kumi. Somo lilikuwa Kiswahili, kuandika kwa wingi. Sentensi: “Mama anafagia ua.” Kijana akaandika “Mama wanafagia nyua.” Kibao kikatoa alama nyekundu, kikampa jibu: “Mama wanafagia maua.” Kijana akalifuta jibu lake sahihi, akaandika la mashine, akapata nyota. Sasa, kila aliyepita shule ya msingi ya Kenya anajua ua la bustanini liko LI-YA na wingi wake ni maua, na ua unaofagiwa uko U-ZI na wingi wake ni nyua. Aliyeandika programu ile alikuwa na jedwali lenye safu mbili, umoja na wingi, na neno “ua” lilikuwa limeingia mara moja. Naijua hitilafu hiyo kama ninavyojua jina langu. Nilichotaka kujua ni nani katika nyumba ile angeikamata. Mwalimu alikuwa chumba cha pili na wadogo. Msaidizi alikuwa anachaji vibao vilivyobaki. Kijana akaendelea kukusanya nyota.

Hapo ndipo nafika kwenye sehemu yangu.

Nilipotoka chuo kikuu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika kampuni ndogo iliyotengeneza programu ya masomo kwa shule kama hizi. Mimi nilipewa ukurasa wa mzazi: ule ambao unaufungua jioni ukaona jina la mtoto wako na mstari wa kijani unaojaa. “Amekamilisha asilimia 78.” Ulikuwa ukurasa mzuri. Lakini neno “amekamilisha” ndani ya programu lilikuwa na maana moja tu: video imefika mwisho. Basi. Haikujali kama mtoto alitazama, wala kama alielewa. Wiki chache baada ya kuuzindua nilipitia kumbukumbu za seva nikitafuta hitilafu nyingine kabisa, nikaona watoto wanaomaliza somo la dakika kumi na mbili kwa sekunde arobaini. Walikuwa wamegundua kwamba ukiburuta kile kitufe cha video hadi mwisho, mstari unajaa. Watoto si wajinga. Nilimpelekea meneja wangu. Akaniambia wazazi wanapenda kijani, tutalishughulikia toleo lijalo. Nilikaa pale miezi minane zaidi na toleo lijalo halikuja, na sikupiga kelele, kwa sababu kodi ya nyumba ilitakiwa kila tarehe tano. Kuna mzazi mahali fulani ambaye alilala vizuri kwa sababu ya mstari niliouchora mimi.

Kwa hivyo ukienda kuangalia kishule, ukurasa wa kijani uupite. Muulize mwenye shule akuonyeshe maswali ambayo mtoto mmoja alikosa wiki iliyopita, na alichofanya baadaye. Kama programu haiwezi kuonyesha makosa, haipimi kujifunza, inapima kukaa. Kisha kizimeni kibao, mpe mtoto karatasi na penseli, umwombe afanye kile ambacho mashine inasema anakijua. Pale nilimwomba kijana wa nyota anieleze ua ni nini. Akasema ni flawa. Nikamuuliza, na mama anafagia flawa? Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayenitazama nikishindwa kutumia simu yangu, akasema, “Anko, ndivyo inataka.”

Uliza pia intaneti ikikatika inakuwaje. Kuna programu nzuri na za bure ambazo hazihitaji mtandao baada ya kuwekwa. Kolibri, kwa mfano, hukaa kwenye kompyuta moja ndogo ndani ya nyumba na vibao vyote vikachota hapo. Kishule kinachosimama wiki nzima kwa sababu vifurushi vimeisha hakina mwalimu, kina mlinzi wa vibao.

Kuna wasomaji watasema, lakini udogo peke yake si unatosha? Watoto kumi na wanne dhidi ya sitini! Nami nilidhani hivyo. Lakini jambo hili lilipimwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2005, magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 121 zilizopewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza, hivi kwamba darasa lililokuwa na watoto kama 80 likabaki na kama 46. Duflo na Kremer walikuja kuwa miongoni mwa washindi watatu wa Nobel ya uchumi mwaka 2019. Walichokuta ni kwamba kupunguza idadi peke yake, mwalimu akiwa yule yule na mazoea yale yale, hakukuinua alama kwa kiasi cha kujivunia. Kilichoinua ni kuwagawa watoto kulingana na walipofika, ili mwalimu afundishe kiwango kilicho mbele yake. Walionufaika walikuwemo hata wale wa darasa la chini.

Kwa maneno mengine, wale vifuniko vya soda vina thamani kuliko ile kumi na nne. Kumi na nne inampa mwalimu nafasi ya kuvitumia. Kama mwalimu anasimama mbele ya watoto kumi na wanne na kuwahutubia wote ukurasa ule ule wa kitabu, umelipia viti vitupu. Na katika nyumba yenye mtoto wa miaka sita na wa miaka kumi na mbili hiyo ni rahisi kutokea kuliko unavyofikiri, hasa baada ya chakula cha mchana.

Sasa karatasi. Najua inachosha. Vumilieni, hapa ndipo mtu huumia.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na inasema hakuna anayeruhusiwa kuitoa bila kusajiliwa. Haina mlango unaoitwa kishule. Kuna utaratibu wa kusajili shule, na kuna utaratibu wa vituo vya elimu mbadala uliotungwa kwa ajili ya mitaa ya mabanda, na nyumba ya kupanga yenye watoto kumi na wanne haikai sawasawa katika wowote. Kusema “sisi ni kikundi cha masomo ya nyumbani” nako hakusaidii. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilitupilia mbali ombi la wazazi waliotaka masomo ya nyumbani yatambuliwe, baada ya baba mmoja kukamatwa Kakamega kwa kutompeleka mtoto shule. Mimi binafsi naona sheria imebaki nyuma hapo. Lakini maoni yangu hayampi mtoto wako nambari.

Nambari gani? Katika mtaala huu wa umilisi, mtoto hufuatwa na nambari ya tathmini ya Baraza la Mitihani, KNEC. Mzazi haiombi. Shule ndiyo inaiomba, ikiwa na msimbo wake. Na alama siku hizi hazisubiri siku ya mwisho. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa kuna KPSEA gredi ya sita na KJSEA gredi ya tisa, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, na katika hesabu ya kumpeleka mtoto sekondari ya juu, ile ya gredi ya sita inachangia asilimia 20, kazi za shuleni za gredi ya saba na ya nane asilimia 20 nyingine, na mtihani wenyewe 60. Mtaona maana yake. Zamani mtoto angeweza kusomea popote miaka saba, akaingizwa shule yenye kituo cha mtihani mwaka wa nane, mambo yakaisha. Leo pengo la miaka miwili katikati linaonekana kwenye jumla.

Vishule vingi hutatua hili kwa kumwandikisha mtoto shule nyingine iliyosajiliwa. Anasomea hapa, jina lake liko kule. Mwalimu aliniambia bila kuficha kwamba ndivyo anavyofanya, kwamba makaratasi yake mwenyewe yako kaunti na anangoja wakaguzi. Namheshimu kwa kusema. Lakini nilimweleza dada: jina likiwa shule ambayo hujawahi kukanyaga, wewe ndiwe unapaswa kwenda huko, kukutana na mwalimu mkuu, kuiona nambari ya mtoto kwa macho yako na kuipiga picha. Usiambiwe “iko sawa”. Jirani yetu mmoja aliambiwa iko sawa kwa miaka mitatu. Mtoto alipofika gredi ya sita ikabainika ile shule mwenyeji haikuwahi kumwingiza, mkuu aliyekubaliana nao alikuwa amehamishwa, na mtoto akarudishwa kusoma na wadogo kwake wakati wenzake wanaandika mtihani. Alikuwa anasoma vizuri, jamani. Hakukuwa na kasoro yoyote kichwani mwake.

Kama kishule kinafuata mtaala wa Cambridge, hadithi ni nyingine: mtoto anaweza kusajiliwa kama mtahiniwa wa kibinafsi katika kituo kinachotambuliwa. Ila mlango huo ukishaingia, kurudi kwenye mtaala wa Kenya ni kazi, na gharama zinapanda kila mwaka mtoto anapokua. Uliza bei ya mwisho wa safari wala si ya kituo cha kwanza.

Muulize pia mwalimu nambari yake ya TSC. Si matusi. Sheria inataka kila anayefundisha awe amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, na orodha yao inaweza kukaguliwa mtandaoni. Mwalimu alinionyesha yake kabla sijamaliza sentensi. Msaidizi hana, na msaidizi ndiye aliyekuwa na wakubwa saa za vibao.

Mtu akiniambia nalia na karatasi, namkumbusha Bridge. Walifungua shule yao ya kwanza Mukuru mwaka 2009, mwalimu anasoma somo kutoka kwenye kibao neno kwa neno, pesa zimetoka kwa akina Zuckerberg na Gates. Mwaka 2016 mahakama ya Uganda iliagiza shule zao 63 zifungwe, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Busia ikairuhusu kaunti kufunga kumi, kwa mambo ya usajili na viwango. Halafu mwaka 2022 Kremer, yule yule, na wenzake wakatoa utafiti ulioonyesha kwamba watoto wa shule zao za Kenya walikuwa wanajifunza zaidi ya wenzao, tena kwa tofauti kubwa. Mambo yote mawili ni kweli. Mtoto anaweza kuwa anajifunza vizuri na shule yake ikafungwa Jumatatu.

Na hata serikali isipoifunga, hesabu inaweza kuifunga. Mwalimu ni mtu muwazi, tuliketi tukapiga. Karo ni shilingi 38,000 kwa muhula. Watoto kumi na wanne ni 532,000, na muhula pamoja na likizo yake ni miezi minne, kwa hivyo 133,000 kwa mwezi. Nyumba 45,000. Yeye mwenyewe anajilipa 35,000. Msaidizi 18,000. Uji, matunda na chakula cha mchana, anabana hadi 14,000. Intaneti na stima 6,000. Inabaki 15,000, na humo ndimo vitabu, kibao kilichopasuka, mfereji, na mzazi anayelipa tarehe isiyojulikana. Wakiondoka watoto wawili, mapato yanashuka kwa 19,000 kwa mwezi. Hata ukipunguza chakula cha hao wawili, ameshaingia hasara. Familia moja yenye watoto wawili ikihamia Nakuru, kishule kinaanza kufa. Hakuna aliyekosea. Ndivyo udogo ulivyo.

Msidhani ni umaskini wetu tu. San Francisco kulikuwa na AltSchool, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Max Ventilla aliyetoka Google. Vishule vilivyounganishwa kwa programu, kamera darasani, waandishi wa programu wakikaa karibu na walimu. Walikusanya zaidi ya dola milioni 170, Zuckerberg akiwemo. Mwaka 2017 wakaanza kufunga baadhi ya shule ili wauze programu, na 2019 wakaacha kabisa kuendesha shule, wakabadilisha jina, zilizobaki wakazikabidhi kwa wengine. Mzazi aliyempeleka mtoto pale alidhani mtoto ndiye mteja. Nimefanya kazi katika kampuni za aina hiyo, ndogo mara elfu, na nawaambia siku pesa zinapopungua mkutano unaoitishwa hauzungumzii mtoto.

Kwa hivyo uliza swali hili waziwazi: mkifunga katikati ya mwaka, mtoto wangu anakwenda wapi, na rekodi zake nazipata vipi? Kama rekodi zote ziko ndani ya programu ya kampuni nyingine, omba zichapishwe kila mwisho wa muhula. Karatasi. Mimi ndiye ninayesema hivyo, mtu anayelipwa kuua karatasi.

Jambo la picha nitalipitia upesi. Kishule kina ukurasa wa Facebook na kikundi cha WhatsApp, na kila Ijumaa watoto wanapigwa picha wakiwa na majina yao shingoni, maana ndiyo matangazo ya bure pekee yaliyopo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi. Mwaka 2023 kamishna wa data aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini. Kwa faida ya 15,000 kwa mwezi, pigeni wenyewe hesabu ya miaka. Nilimwambia Mwalimu, akashika kichwa. Hakuwa anajua, na jioni hiyo hiyo picha nyingi zilikuwa zimetolewa.

Kuhusu marafiki na michezo nina machache. Watoto kumi na wanne hawatoshi kabumbu, na ukikosana na mmoja huna kundi jingine la kukimbilia. Mpwa wangu anaipenda timu ya darasa lake kuliko chochote duniani, na hilo nililiandika kwenye karatasi niliyompelekea dada, chini kabisa, nikaona ndilo alilolisoma mara mbili.

Tulibishana sana, mimi na yeye. Yeye alikuwa tayari kulipa. Alisema, “Wewe unaongea nambari na vyeti, mimi naongea mtoto anayerudi nyumbani kila siku akijiona mjinga.” Sikuwa na jibu la hilo, na bado sina zuri. Nikamwambia tu kile nilichokuwa nacho: kwamba kitu alichokiona ni yule mama na kasha lake, vibao ni pambo, na kwamba cheti cha kaunti kikitoka nitambeba mtoto mimi mwenyewe hadi mlangoni. Akanyamaza siku mbili. Kisha akaenda kwa Mwalimu peke yake, bila mimi, wakakubaliana mtoto abaki shule yake na awe anakwenda Jumamosi asubuhi kwa shilingi 500, bila kibao. Najua, najua, hiyo ni tuisheni kwa jina lingine. Mniache.

Nilimwandikia pia mwenye ile programu ya nyua na maua. Nimejibiwa kwamba maoni yangu ni muhimu kwao.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alirudi na vifuniko vya soda mifuko yote miwili, akamtegea mama yake 84 kwa 7 wakiwa kwenye matatu. Dada anasema ilibidi atoe simu.